Ubelgiji: Parkingi ya bei nafuu kwenye gare inasaidia nani kwa kweli?

Kila siku ya kazi, mamia ya maelfu ya watu wanaingia Bruxelles kutoka Flandre na Wallonie. Wengi wao hawakai karibu na gare. Asubuhi wanatoka nyumbani na gari, wanaliacha kwenye parkingi ya gare, wanapanda treni hadi mjini, na jioni wanarudi kulichukua. Wakongomani wa diaspora nao wako ndani ya mwendo huo: wengi wanafanya kazi katika mji mkuu huku wakiishi mbali nao.

Kwa watu hawa, bei ya treni ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni bei ya kuacha gari. Ndiyo maana shirika la reli la Ubelgiji, SNCB, linapunguza bei ya parkingi zake kwa wenye abonema ya treni. Mtu anayeonyesha abonema yake, ambayo kwa kawaida iko ndani ya kadi ya MoBIB, analipa kidogo kuliko dereva anayeacha gari pale bila kupanda treni. Msaada huo unaonekana mdogo, lakini unagusa swali kubwa: nani anapaswa kusaidiwa kufika kazini, na kwa pesa ya nani?

Kwa nini isiwe bure kwa wote?

Jibu la kwanza ambalo wengi wanatoa ni rahisi: wafungue parkingi bure, watu watapanda treni. Lakini parkingi ya bure karibu na gare inajaa haraka, na wanaoijaza si abiria peke yao. Kuna mwenye duka la jirani, kuna anayefanya kazi kwenye biro iliyo pembeni, kuna mkaaji wa kartiye ambaye hana garaji. Abiria anayefika saa mbili asubuhi anakuta nafasi zimekwisha. Hapo anageuza gari na kuendelea na barabara hadi Bruxelles, na lengo lote linaharibika.

Bei mbili zinatatua shida hiyo. Asiyepanda treni analipa bei kamili, kwa hiyo anatafuta mahali pengine. Anayepanda treni kila siku analipa kidogo na anapata nafasi. Uswisi inaenda mbali zaidi: parkingi za P+Rail kwenye gare zake zimewekwa kwa ajili ya watu wanaosafiri na treni au basi tu.

Mpinzani mkubwa ni gari la kampuni

Hata hivyo, punguzo hilo linapigana vita isiyo sawa. Ubelgiji ina desturi iliyoenea sana ya waajiri kuwapa wafanyakazi wao gari la kampuni, mara nyingi pamoja na kadi ya kununulia mafuta. Tufanye hesabu ya mfanyakazi kama huyo. Akienda na gari moja kwa moja hadi Bruxelles, mafuta yanalipwa na mwajiri, na mara nyingi biro ina nafasi ya kuacha gari. Akisimama kwenye gare, atatoa pesa mfukoni mwake, hata kama bei imepunguzwa.

Kwa mtu huyo, parkingi ya bei iliyopunguzwa bado ni ghali kuliko barabara ya bure. Serikali ililiona tatizo hilo, na sheria ya mwaka 2019 ilileta bajeti ya usafiri: mfanyakazi anaweza kuacha gari la kampuni au kuchukua dogo zaidi, kisha pesa inayobaki aitumie kwa treni, baiskeli au hata nyumba iliyo karibu na kazi. Lakini sheria hiyo haikumlazimisha mwajiri kuitoa. Mpaka sasa magari ya kampuni yanajaa kwenye barabara za kuingia Bruxelles kila asubuhi.

Wasio na gari wanapata nini?

Upande mwingine wa swali ni haki. Gari moja kwenye parkingi, ukihesabu na njia ya kupita, linachukua karibu mita 25 za mraba. Kwenye nafasi hiyo hiyo unaweza kuweka baiskeli kumi. Anayekuja gare kwa miguu hachukui nafasi yoyote, na anayekuja na basi ananunua tiketi nyingine juu ya ile ya treni. SNCB inasaidiwa na kodi ya raia wote, chini ya mkataba wa utumishi wa umma wa 2023-2032. Kwa hiyo mama anayefanya usafi kwenye biro, ambaye hana gari, naye anachangia nafasi ya mwenye gari.

Uholanzi imechagua kuanzia upande wa baiskeli. Kwenye gare ya Utrecht kuna parkingi ya baiskeli 12,500, iliyokamilika mwaka 2019, na masaa 24 ya kwanza ni bure.

Hiyo haimaanishi kwamba punguzo la magari ni kosa. Kijijini Wallonie, ambako basi linapita mara chache, gari ndilo njia pekee ya kufika gare kwa mtu anayeanza kazi mapema. Tofauti ni kwamba punguzo moja likitumika kwa gare zote, linachanganya hali mbili. Gare ya kijiji inahitaji parkingi nafuu. Gare ya katikati ya mji, yenye basi kila dakika kumi, inahitaji zaidi nafasi ya baiskeli na tiketi ya pamoja.

Abonema ya zamani, kazi ya sasa

Kuna mabadiliko mengine. Tangu ugonjwa wa Covid-19, watu wengi wa biro wanafanya kazi nyumbani siku mbili au tatu kwa juma. SNCB ilileta abonema ya Flex kwa watu wa aina hiyo. Lakini mtu anayelipa parkingi ya mwezi mzima analipa hata siku ambazo gari liko nyumbani. Punguzo likigawanywa kwa siku alizosafiri kweli, faida yake inapungua sana.

Mwaka 2025 uliongeza uchungu. Wafanyakazi wa reli waligoma mara nyingi kupinga mageuzi ya pensheni ya serikali ya Bart De Wever. Siku za mgomo treni zilikuwa chache, na abiria waliokwisha kulipa mwezi wao walirudi barabarani. Mtu akizoea tena barabara, bei ya parkingi peke yake haitoshi kumrudisha. Anataka kwanza kuwa na hakika kwamba treni itakuja.

Na sisi?

Msomaji wa Lubumbashi, Kalemie au Kindu anaweza kusema: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tunangojea treni ya SNCC yenyewe. Ni kweli. Lakini Afrika Mashariki swali hili limekwisha kufika. Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua gare ya Syokimau, nje ya Nairobi, na parkingi yake ya magari kwa ajili ya wanaoenda mjini na treni. Kinshasa nako treni ya mjini ya SCTP inazungumzwa kila mara watu wanapochoka na msongamano.

Kwetu, anayefika gare haji na gari. Anakuja na pikipiki au kwa miguu, mzigo kichwani. Parkingi yetu itakuwa kituo cha motari, banda la kujikinga mvua na mahali salama pa kuacha mizigo. Mambo hayo yote yanahitaji kiwanja karibu na gare. Siku reli itakapofufuka, miji itakayokuwa imejenga maduka kwenye viwanja hivyo itakosa mahali pa kupokea abiria, na hakuna punguzo la bei litakaloweza kurudisha ardhi iliyokwisha kuuzwa.