Jina la Kamari Kifuani mwa Mshambuliaji

Wako wasomaji ambao wakiona ukurasa huu una khabari za mpira wataguna, waseme masheikh wamekwishiwa na maneno hata wameingia uwanjani. Na wako wengine watakaofurahi, wakidhani nataka kuharamisha mpira, ili wapate kuusoma mbele ya watoto wao na kufunga mjadala. Wote wamekosea. Mpira kwa asili yake ni mchezo wa mwili, na mchezo wa mwili usiopoteza sala, usiofichua uchi wala usioleta matusi, hauna ubaya. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.). Salama bin Al-Akwaa, sahaba hodari wa mbio, alimwomba Mtume ruhusa ya kushindana na Mwansari mmoja njiani wakirudi Madina, akaruhusiwa, akashinda. Wenzangu wanaowaambia vijana kuwa kabumbu lote ni haramu tupu wanatuharibia kazi. Kijana akikatazwa lile asiloona ubaya wake, hasikii tena anapokatazwa lile lililooza. Na lililooza limekwisha ingia majumbani mwetu, limekaa barazani, linavaliwa hata Idd mosi.

Nakusudia kusema juu ya jezi. Lakini kwanza tumtazame aliyeivaa.

Mbwana Ally Samatta alizaliwa tarehe 23 Desemba 1992, akakulia Mbagala, Dar es Salaam. Ni mtoto wa Kiislamu, wa mtaa kama mitaa yetu. Mwaka 2008 alikuwa akichezea African Lyon, klabu ambayo hapo kabla ikiitwa Mbagala Market. Haikuwa klabu ya fakhari. Alikaa hapo akijifunza mpaka mwaka 2010 alipokwenda Simba. Mwaka 2011 Simba ikakutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya klabu bingwa wa Afrika. Simba ikafungwa huko na ikafungwa hapa nyumbani, lakini waliowafunga ndio waliomtaka yule kijana. Angalia hikima ya Mwenyezi Mungu: mlango wa riziki yake ulifunguka katika mechi ambazo timu yake ilishindwa.

Akaenda Kongo akiwa na miaka 18. Huko hakukaa mwezi wala msimu, alikaa karibu miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe ilichukua kombe la Afrika kwa kuifunga USM Alger ya Algeria, naye akafunga katika mechi zote mbili za fainali. Januari 2016 akapewa, mjini Abuja, tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya Afrika. Mwezi huo huo akaenda Genk, Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 Genk ikawa bingwa, naye akafunga mabao 23 katika ligi. Januari 2020 akaingia Aston Villa, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Kwa nini nimekutolea tarehe zote hizi? Vijana wetu wanazijua kuliko mimi, ila wanazisoma vibaya. Wanaona Mbagala na wanaona Uingereza, hawaoni kilicho katikati. Toka 2008 mpaka 2020 ni miaka 12. Ni miaka ya kuamka alfajiri, ya kukaa ugenini na lugha isiyo yake, ya kukaa benchi, ya kuumia na kupona. Hiyo ndiyo kazi, na jasho la kazi ni halali.

Sasa rudi kwenye ile jezi ya Villa. Mshambuliaji wetu alipofunga bao lake la kwanza katika ligi ile, ugenini kwa Bournemouth, tarehe 1 Februari 2020, furaha ilienea toka Tanga mpaka Mtwara, toka Unguja mpaka Lamu. Kifuani mwake paliandikwa W88. Wengi walidhani ni alama tu ya timu. W88 ni kampuni ya kamari.

Simlaumu yule kijana, na nisingependa mtu autumie ukurasa huu kumtukana. Mchezaji mmoja hana amri juu ya kitambaa cha klabu. Mshambuliaji wa Mali, Frédéric Kanouté, alipokuwa Sevilla ya Hispania mwaka 2006, alikataa kuvaa jina la kampuni ya kamari kwa sababu ya dini yake, akapewa fulana isiyo na jina. Mwaka uliofuata akatoa fedha zake kununua jengo la msikiti wa mji ule usiuzwe. Lakini Papiss Cissé wa Senegal, alipoikataa mwaka 2013 pale Newcastle jezi yenye jina la wakopeshaji wa riba, mwishowe alikubali kuivaa. Mmoja peke yake mbele ya matajiri ni mtihani mzito. Sisi hatuko peke yetu, na hapo ndipo lawama yangu inapoanza.

Mwezi Mei 2017 kampuni ya SportPesa iliingia mkataba na Simba na Yanga kwa pamoja. Miezi miwili baadaye Everton ya Uingereza ikaletwa Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya, na timu zote mbili zilikuwa na jina hilo hilo kifuani. Mzungu na Mwafrika walikuwa wakigombea mpira, na mshindi alikwisha julikana kabla ya filimbi. Agosti 2022 Simba ikatangaza mkataba mwingine, wa miaka mitano na M-Bet, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 26. Watu walipiga makofi.

Wewe uliyepiga makofi, hebu tufanye hesabu ya chuoni. Kampuni ya kamari hailimi, haifugi, haivui samaki, haijengi jahazi. Fedha yake ni ile iliyopotezwa na wachezaji wa kamari, haina nyingine. Kama kijana mmoja anapoteza shilingi 500 kwa mara moja, bilioni 26 ni mara milioni 52 za kupoteza. Na hiyo ni ya kutoa udhamini tu. Hujahesabu mishahara, kodi, wala faida ya wenyewe. Hizo 500 zimetoka wapi? Zimetoka kwa mchukuzi wa bandarini, kwa mwana wa bodaboda, kwa kijana aliyetumwa dukani na mamake akarudi na uongo.

Hapo husikia jawabu mbili. Ya kwanza husema: Sheikh, jezi ni kitambaa tu, mimi sichezi kamari. Haya, sikiliza. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliamrisha kwamba mtu akimwita tu mwenziwe waende wakacheze kamari, basi atoe sadaka. Hajaweka senti, hajashinda wala hajashindwa, amesema neno moja la kuita, na neno lile limehitaji kafara. Sasa niambie, jina la nyumba ya kamari lililoandikwa kwa herufi za shibiri kifuani mwa mtu apendwaye na mamilioni ni kitu gani kama si mwito? Unamvisha mwanao wa miaka saba mwito ule. Anatembea nao mtaani mchana kutwa akiwaita wenziwe, na huingia nao msikitini, akasimama safu ya mbele ya mtu anayesoma Alhamdu.

Ya pili ni ya wenye akili, nayo husema: fedha hizo zinasaidia, zinalea vipaji vya watoto wa maskini, serikali inapata kodi. Naam, zinasaidia! Nani amekana? Aya ya 219 ya Suratul Baqara yenyewe imekiri kuwa katika pombe na kamari yamo manufaa kwa watu, kisha ikahukumu kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na kamari yao. Walichinja ngamia, wakaigawa nyama mafungu, wakapiga kura kwa mishale 10: saba ina mafungu na mitatu ni mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu ndiye aliyelipa bei ya ngamia. Na aliyeshinda hakuila ile nyama, aliwapa maskini, akajifakharisha kwa ukarimu wake. Msomaji, huo ndio udhamini! Hoja ya kulisha maskini kwa kamari ilikuwako Makka kabla ya Uislamu, na Qurani ikaja juu yake. Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ikaiweka kamari pamoja na pombe na masanamu, ikataja kuwa shetani anataka kutia uadui na chuki baina yetu na kutuzuia na sala.

Uadui huo nimeuona kwa jicho. Kijana ameweka fedha kuwa mabao hayatazidi mawili. Mshambuliaji wa timu yake mwenyewe, aliyempenda toka utotoni, anafunga la tatu. Badala ya kushangilia, anamlaani yeye na mamake. Kamari imemla hata mapenzi ya mpira. Na karatasi ile ya kuchagua timu wameipa jina gani? Wameiita "mkeka". Ikishindwa husema mkeka umechanika. Lugha yetu nayo imetiwa unajisi! Mkeka ambao bibi zetu walisuka kwa ukindu, tukasali juu yake, tukakaa juu yake kula biriani ya harusi na kusoma khitma, leo ukimwuliza kijana "mkeka uko wapi?" anatoa simu mfukoni.

Msiseme maradhi haya ni ya miji ya pwani tu, kwamba bara wamesalimika. Nalipata kufika Endagikot, huko Mbulu, mkoa wa Manyara, nchi ya Wambulu, nchi ya milima na baridi ambapo mtu wa pwani hutafuta blanketi mchana. Waislamu huko ni wachache na wana ukarimu mkubwa. Jioni nikawakuta vijana uwanjani, na mmoja wao, mwembamba, mrefu wa miguu, alikuwa mshambuliaji wao. Mpira ukimfika wenziwe walikuwa wakikimbilia katikati kushangilia kabla hajaupiga. Alivaa jezi iliyopauka, kifuani pana jina la kampuni ya kamari. Nikamwita nikamwuliza, mwanangu, hili ni jina la nani? Akanitazama kama mtu anayemhurumia mzee asiyejua kusoma. Akasema, "Shikamoo babu. Hilo ndilo jina la timu."

Hakuwa akifanya mzaha. Kwake yeye timu na kamari vilikuwa jina moja. Hajui kuwa kuna siku vilikuwa mbali mbali.

Na Mbulu ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari, yule mkimbiaji wa marathoni aliyeanguka na kuumia goti katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea hivyo hivyo akichechemea, akaingia uwanjani wa mwisho, jua limekwisha tua na watu wengi wameondoka. Dunia inamkumbuka mpaka leo. Mkeka hauna nafasi ya mtu kama huyo. Yule mtoto wa Endagikot kwao ni nchi ya wenye pumzi na subira, mali ile ile iliyomtoa Samatta Mbagala, na sisi tunamfundisha kuwa utajiri huja kwa kubashiri dakika 90 za jasho la mtu mwingine.

Mtu ataniambia haiwezekani, mpira hauendi bila fedha hizo. Italia ilipiga marufuku matangazo ya kamari kwa sheria ya mwaka 2018. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza, zile zile zilizotufundisha tabia hii, zilikubaliana Aprili 2023 kuwa majina ya kamari yaondoke mbele ya jezi za mechi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Hawakuongozwa na Suratul Maida. Waliona watoto wao wanaangamia wakaona haya. Na sisi tunaoisoma sura ile katika darsa za Ramadhani tunaona fakhari!

Nasema na akina baba kwanza. Hakuna aliyekulazimisha kununua jezi ile kwa ajili ya Idd. Ukitaka kumfurahisha mwanao, mnunulie fulana nyekundu au ya kijani isiyo na jina, au mpe mamake sindano na kipande cha kitambaa alifunike jina lile. Atalia siku moja. Mweleze kwa nini, mweleze khabari za Kanouté, atajiona shujaa mbele ya wenziwe.

Kisha nasema nanyi wazee wenye kadi za uanachama. Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na klabu zote mbili zimebebwa na Waislamu wa Kariakoo, wa Tanga, wa Unguja, kwa michango ya senti zao. Mna mikutano, mna haki ya kusema. Nimewasikia mkigombana mpaka sauti zikakauka juu ya kocha aliyefukuzwa, juu ya kipa, juu ya rangi ya jengo. Sijapata kusikia mtu mmoja amesimama akauliza habari ya jina lile kifuani. Mkutano mkuu ujao utakaa kiti cha mbele kama ada yako, kofia kichwani, tasbihi mkononi. Hesabu ya udhamini itakaposomwa, utanyoosha mkono uulize imetoka wapi, au utapiga makofi?