Umeshindaje, Mjukuu Wangu?

Ndugu msomaji, koo zetu leo zimetawanyika. Bibi yuko Tanga, mwanawe anafanya kazi Lyon nchini Ufaransa, na mjukuu aliyezaliwa huko anasoma na kucheza kwa Kifaransa. Simu inapopigwa, bibi huuliza, "Hujambo, mjukuu wangu?" Mtoto hujibu, "Sijambo," kama alivyofundishwa, kisha kimya kinatanda na simu inarudishwa kwa mkubwa. Mapenzi yapo pande zote mbili. Kinachokosekana ni mlango wa kuingilia.

Mlango huo ni mwepesi kuliko tunavyodhani. Mfaransa anaporejea nyumbani jioni, watu wake humuuliza: "Ça a été, ta journée?" Kwa kukadiria, hutamkwa *sa-a-ete ta zhurne*, na maana yake ni "Siku yako imekwendaje?" Wengine husema, "T'as passé une bonne journée?", yaani "Umeshinda vyema?" Darasani mwanafunzi huandika *tu as*, nyumbani maneno hayo mawili hubanwa yakawa *t'as*. Wala hapana haja ya kupindua mpangilio wa maneno ili kuuliza. Sauti hupandishwa tu mwishoni, kama tufanyavyo sisi tunaposema, "Umekula?"

Liangalie neno *journée*. Kifaransa kina *jour*, siku tunayoihesabu katika kalenda, na kina *journée*, siku pamoja na yote yaliyomfika mtu toka asubuhi hadi jioni. Kinachoulizwa ni hiyo ya pili. Nasi maana hiyo tunayo katika kitenzi *kushinda*: anayesema "Umeshindaje?" anauliza namna mchana ulivyopita. Ndiyo maana swali hili si sawa na "Ça va?", ambayo ni salamu ya kupita, na aghalabu jibu lake huwa fupi.

Lipo hapa jambo la adabu linalowatia shaka wazee. Kifaransa kina *tu* na *vous*. *Vous* ni ya watu wengi, au ya mtu mmoja anayestahiwa au asiyezoeleka. *Tu* ni ya watu wa karibu. Katika familia nyingi za Ufaransa, watoto huwaambia wazazi, babu na bibi *tu*, na hiyo ni dalili ya ukaribu. Kwa hiyo mjukuu akimwambia bibi yake *tu*, hajamvunjia heshima. Lakini kwa mwalimu, daktari au mzee wa jirani, mtoto huyo huyo hana budi kutumia *vous*. Heshima ya bibi tuihifadhi kwa njia yetu: mtoto aanze na "Shikamoo", bibi aitikie "Marahaba", ndipo swali la Kifaransa lifuate.

Huenda jibu likawa "Bof." Hilo ni neno la kuinulia mabega, kama kusema "hivyo hivyo tu", na wengi hukata tamaa hapo. Bibi asikate tamaa. Na aulize jambo dogo linaloshikika: "T'as mangé quoi à la cantine?", yaani "Umekula nini kwenye chakula cha shule?" Kwa mtoto wa Kiislamu aliye ugenini, swali hilo huweza kufungua mengi. Kisha aongeze, "Raconte!", nihadithie, anyamaze na asikilize. Hata asipoelewa kila neno, mama au baba yupo wa kufasiri. Aidha, Tanzania iko mbele ya Ufaransa kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Simu ya baada ya Isha, basi, kwa kawaida humkuta mtoto ameshatoka shule.

Nasi tulio na watoto wetu chini ya paa moja, tujiulize: hatuhitaji Kifaransa, je, swali lenyewe tunaliuliza? Baba huingia, husema "Habari za kutwa?", huitikiwa "Nzuri," na mazungumzo huishia hapo. "Alhamdulillahi" ni jibu jema la shukrani, lakini mzazi asilifanye kuwa mwisho wa maneno. Mtoto aliyeonewa na wenzake njiani, au aliyeaibishwa mbele ya darasa, naye husema "Nzuri" akijua hakuna anayengoja zaidi. Siku atakapofikwa na kubwa, atalipeleka kwa nani?

Basi jioni ya leo, tukae na mmoja wao, tumuulize kwa lugha anayoimudu, "Umeshindaje?" Akijibu "Nzuri," tusiinuke. Tuulize tena, "Ehe, nini kilikuwa kizuri?" Kisha tungoje.

Tukutane juma lijalo, Inshaallah.