Mgonjwa asiye na mapigo: Pampu ya moyo na huduma ya dharura Busia na Tororo

Muuguzi anayempokea mgonjwa aliyezirai huanza kwa kushika kifundo cha mkono na kutafuta mapigo. Kwa mgonjwa aliyepandikizwa pampu ya moyo, kipimo hicho, ambacho ni miongoni mwa vya kwanza kufundishwa, chaweza kupotosha: mgonjwa yu hai, damu inazunguka mwilini, ilhali mapigo hayasikiki kabisa.

Pampu hizo si sehemu ya matibabu ya kawaida katika hospitali za umma za Kenya wala Uganda. Hata hivyo, Mwafrika Mashariki anayeishi Ulaya, Marekani au Australia aweza kupandikizwa huko, kisha akaitwa nyumbani kwa harusi ya mdogo wake au mazishi ya mzazi. Ikiwa nyumbani ni Busia, au Tororo jirani na kivuko cha Malaba, familia inapaswa kujiuliza mapema: akizidiwa usiku, nani atajua la kufanya?

Mashine isiyodunda

Pampu hushonewa kwenye chemba ya chini ya kushoto ya moyo uliodhoofika, ikasukuma damu mfululizo hadi kwenye mshipa mkuu. Waya hupenya ngozi ya tumbo na kuiunganisha na kidhibiti pamoja na betri mbili anazovaa mgonjwa. Aina iitwayo HeartMate 3 iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa matumizi ya muda, na mwaka 2018 kwa matumizi ya kudumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 58 ya waliopandikizwa aina hiyo walikuwa hai baada ya miaka mitano. Hao ni watu ambao moyo wao ulikuwa umefikia hatua ya mwisho ya kushindwa.

Kwa kuwa damu husukumwa bila kukatika, mhudumu hana budi kutafuta dalili nyingine. Akiweka kipima-moyo kifuani, husikia mvumo wa mashine inayofanya kazi. Huangalia rangi ya ngozi, pumzi na fahamu za mgonjwa. Hukagua iwapo waya umechomoka, betri zimekwisha, au kidhibiti kinatoa king'ora. Betri hubadilishwa moja baada ya nyingine. Zikiondolewa zote kwa pamoja, pampu hupoteza umeme.

Mwaka 2017, Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa mwongozo kuhusu suala lililokuwa likiwatia wahudumu hofu: je, kifua kikandamizwe, au kufanya hivyo kutaing'oa pampu? Jibu lake ni kwamba kukosekana kwa mapigo peke yake si sababu ya kukandamiza. Lakini mgonjwa akiwa hana fahamu, damu haizunguki na pampu haiwezi kuwashwa tena, kifua kikandamizwe bila kusita.

Umeme na barabara

Betri mbili zilizojaa zaweza kudumu hadi saa 17, kisha lazima zichajiwe. Tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na hata uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukaingia gizani. Kwa wengi ilikuwa adha ya usiku mmoja. Kwa mwenye pampu, kukosa betri za akiba au jenereta ni hatari ya kifo.

Umbali nao una uzito wake. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyopo Mulago, Kampala, iko takriban kilomita 200 kutoka Busia na Tororo. Nairobi iko zaidi ya kilomita 400. Upande wa Kenya, hospitali kubwa ya rufaa ya Moi iko Eldoret. Barabara zote hizo hutumiwa na malori ya mizigo yanayokwenda na kutoka bandari ya Mombasa.

Mara nyingi gari la wagonjwa halipo, na anayefika kwanza ni bodaboda. Jina hilo lenyewe lilizaliwa mpakani hapa, kutokana na waendesha baiskeli waliowavusha abiria kati ya vituo viwili vya forodha.

Mpaka mmoja, mifumo miwili

Mwezi Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, ili msafiri na mzigo wakaguliwe mara moja badala ya mbili. Mgonjwa bado anakutana na mifumo miwili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na inasema mtu, si raia. Bima mpya ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024 ina mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Uganda iliondoa malipo katika vituo vya afya vya umma mwaka 2001, lakini mswada wa bima ya taifa uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukutiwa saini.

Huenda ikadaiwa kuwa si haki kuwafundisha wahudumu wa mpakani kuhusu kifaa cha watu wachache. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau jambo moja. Mwenye pampu hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, sawa na mwenye vali bandia ya chuma. Na vali hizo zimo vifuani mwa wagonjwa wa eneo hili ambao mioyo yao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni. Wote huweza kuvuja damu vibaya wakianguka, au kupata kiharusi dawa ikipungua. Muuguzi anayejua kuuliza kuhusu dawa hiyo, hospitali yenye maabara ya kupima ugandaji wa damu na gari la wagonjwa lenye mafuta vitawafaa wote.

Hadi hapo, mzigo unabaki kwa msafiri na jamaa zake. Hospitali iliyompandikiza impe barua yenye maelezo na namba ya simu inayojibiwa saa zote. Kidhibiti cha akiba na betri za akiba viwe mkononi, si kwenye mzigo wa ndege. Hospitali ya karibu ijulishwe kabla hajafika. Na angalau ndugu mmoja, katika boma atakalolala, afundishwe kubadilisha betri na kumwambia muuguzi mapema: mapigo hayatasikika, sikiliza mvumo.