Samaki wa Mvuke Si Chakula cha Mgonjwa

Muandalie mgeni wa Buyenzi samaki mzima aliyepikwa kwa mvuke, na swali la kwanza litakuwa: nani anaumwa humu ndani? Na si mtaa huo tu, Bujumbura nzima imeshika imani hii. Samaki asiyekaangwa hajaiva, ana shombo, ataharisha watoto. Anayemla ni mgonjwa au mama aliyetoka kujifungua. Imani hii ni potofu, na inatugharimu zaidi ya tunavyodhani.

Tuanze na kuiva. Mji wetu uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Nyama ya samaki huwa imeshaiva kabla ya kufika nyuzi 70. Sufuria ikifunikwa vizuri, mvuke unamwivisha hadi mfupani, na kijidudu unachokiogopa hakina pa kujificha. Ni kweli kwamba mafuta ya kukaangia hupanda hadi nyuzi 170 na zaidi, ila ukali huo unaishia kwenye ngozi. Ndiyo maana unaletewa mukeke, samaki wa ziwa letu, mkia umekauka, mbavu zimekauka, ukifunua mgongo unakuta damu mbichi kwenye uti.

Sasa shombo, na hapa ndipo ninapokasirika. Wavuvi wetu huingia ziwani jioni na taa zao, hurudi alfajiri. Mukeke unayemnunua asubuhi ufukweni alikuwa hai usiku uleule. Ana shombo gani la kufichwa? Kukaanga hadi kukauka ni akili ya mtu asiye na barafu: muuzaji akibakiwa na samaki mchana, anamkaanga ili afike kesho, na hilo ni jambo la busara. Kosa ni letu sisi tunaokaa kando ya ziwa, tuliochukua dawa ya samaki aliyelala tukaifanya sheria ya kila samaki. Matokeo yake yako sokoni. Hakuna anayefunua mashavu aone kama bado ni mekundu. Hakuna anayebonyeza mgongo kuona kama nyama inarudi. Ya nini, wakati mafuta yatamaliza yote? Basi muuzaji mwaminifu aliyelipia barafu anapewa bei ileile anayopewa mwenzake aliyeacha beseni juani tangu asubuhi.

Wapishi wa Guangdong, kusini mwa China, hawawezi kuishi hivyo. Kwao samaki mzima wa mvuke ndiye anayempima mpishi na muuzaji kwa pamoja. Mara nyingi huchaguliwa akiwa bado anaogelea kwenye tangi, na huwekwa katikati ya meza ya harusi na ya Mwaka Mpya. Kwenye mvuke hakuna pa kuficha uzembe.

Na kazi yenyewe haihitaji chombo cha kuagiza. Chukua mukeke wa nusu kilo au zaidi kidogo. Mtoe magamba, mashavu na matumbo, mchanje mara tatu kila upande mpaka kisu kiguse mfupa, mpake chumvi, mjaze tangawizi tumboni. Kwenye sufuria pana weka maji ya vidole viwili, pindua bakuli la chuma katikati, juu yake sahani ya bati. Maji yatokote kwanza ndipo samaki aingie. Ukimweka kwenye maji baridi utamharibu. Funika, uache kwa dakika kumi, kumi na mbili kama ni mnene. Jicho likiwa jeupe na limetokeza, na nyama ya nyuma ya kichwa ikiachana na mfupa kwa ncha ya kisu, ameiva. Sahanini utakuta maji ya kijivu yaliyotuama. Yamwage! Hata shombo kidogo lililokuwapo liko humo, na wengi wanaoapa kwamba samaki wa mvuke ananuka hawakuyamwaga. Kisha mtandazie tangawizi mpya iliyokatwa nyembamba na vitunguu vya majani, au liki, yaani puaro. Pasha vijiko viwili vya mafuta mpaka yaanze kutoa moshi, yamimine juu mpaka majani yachachatike. Malizia na sosi ya soya. Ukiikosa, chumvi na ndimu vinatosha.

Vijiko viwili. Linganisha na karai zima la mafuta, kwa bei ya mafuta ya leo, na makaa yanayoteketea kulichemsha.

Najua nitakachojibiwa: hayo ni mambo ya Wachina. Hapo ng'ambo ya ziwa, Wakongo wanafunga samaki kwenye majani, wanamweka juu ya makaa, anaiva kwa mvuke wake mwenyewe, wanamwita liboke. Waganda wana luwombo, inayopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, na tangu zamani ni chakula cha kuandaliwa mfalme. Hakuna aliyewahi kuwauliza nani anaumwa. Mvuke ni wetu pia. Tulichokosa ni ujasiri wa kuumwaga ule mtungi wa mafuta tunapopewa samaki mzuri.

Sisemi kila samaki apikwe hivi. Ndagala waacheni kwenye mawese na nyanya, huko ndiko kwao, na sangala mkubwa wa vipande anapendeza kwenye mchuzi. Nazungumzia mukeke mzima wa asubuhi, mwenye jicho angavu. Huyo kumkausha kwenye karai ni kumwonea, na kumwonea mvuvi aliyekesha naye.