Kisanduku Wanachokicheka

Juzi mwenzangu mmoja aliicheka setilaiti yetu ya Uganda, PearlAfricaSat-1, eti kisanduku cha sentimita 10 ni kitu cha kuchezea watoto. Simkubalii hata kidogo. Mwaka 2000 Wamarekani walirusha setilaiti mbili ndogo kuliko hiyo, zimeunganishwa kwa kamba, na kila moja haikufika nusu kilo. Ndani mlikuwa na swichi za redio ndogo mno, zenye sehemu inayosogea kufunga na kufungua njia ya mawimbi. Je, zitafanya kazi huko angani baada ya mtikisiko wa roketi? Hilo ndilo walilotaka kujua. Zingeharibika, hasara ingekuwa ndogo. Sasa huyu anayecheka, swichi ambayo haijajaribiwa angeitia kwenye setilaiti ya mamilioni ya dola?