Picha za mtoto zisibaki kwenye kompyuta ya steshenari

Siku hizi upele wa mtoto hupigwa picha kabla mtoto hajafikishwa kwa daktari. Kadi ya kliniki nayo hupigwa picha, majibu ya maabara hali kadhalika, hata video ya namna anavyohema usiku. Ni jambo zuri, maana upele unaweza kufifia kabla foleni haijafika. (Mtoto anayehema kwa shida hasubiri picha, apelekwe hospitali.) Taabu ni kwamba yote hayo hukaa kwenye simu moja, na simu hiyohiyo ndiyo inayoibwa kwenye daladala na ndiyo mtoto anayoitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Kuhamishia picha kwenye kompyuta hakuhitaji waya. Bluetooth ipo tangu zamani: inawashwa pande zote mbili, namba inayotokea kwenye simu inalinganishwa na ya kwenye kompyuta, kisha faili linatumwa. Haili bando, ila ni ya polepole. Picha tano sawa, video ndefu itamchosha mtu. Kwa simu ya Android na kompyuta ya Windows ipo Quick Share, programu ya bure ya Google, yenye kasi kubwa zaidi. Wenye iPhone wasihangaike kutafuta AirDrop kwenye Windows, haipo.

Hata hivyo, wazazi wengi hukimbilia WhatsApp, na hapo ndipo pa kuwa makini.

Mama anakwenda steshenari kuchapisha cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kwa ajili ya shule. Anafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya pale, anaskani ule mraba wa vidoti kwa simu yake, karatasi inatoka, analipa, anaondoka. WhatsApp yake imebaki wazi. Zamani kompyuta ilitegemea simu iwe hewani. Sasa haitegemei, hata simu ikizimwa ujumbe unaendelea kuingia. Anayekaa kwenye kiti hicho baada yake anaweza kusoma alichoandikiana na daktari, akaona picha za mtoto akiogeshwa, au majibu ya kipimo cha VVU ambayo hata bibi wa mtoto hajaambiwa. WhatsApp huviondoa vifaa hivyo yenyewe iwapo simu haikutumika kwa zaidi ya siku 14. Ni mzazi gani anayekaa wiki mbili bila kushika simu?

Dawa yake haihitaji kurudi dukani. Kwenye simu, ndani ya WhatsApp, kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Orodha inaonyesha kila kompyuta iliyoungwa na lini ilitumika mara ya mwisho. Vinaweza kufika vinne. Kisichojulikana kinaguswa na kuondolewa papo hapo. Wazazi wanaotumia kompyuta za ofisini nao waikague orodha hiyo, kwani kompyuta ya kazini hushikwa na wengi.

Kuondoa kifaa hakufuti faili lililokwisha kupakuliwa. Cheti au majibu yale bado yamo kwenye folda ya Downloads ya steshenari, kwa hiyo mzazi amwombe kijana wa pale alifute mbele yake, kisha amwage na kile kikapu cha taka cha kompyuta. Si ukali, na wengi hufanya bila kinyongo.

Jambo jingine: WhatsApp huzibana picha ili ziwe nyepesi, na tarakimu ndogo za majibu ya maabara huweza kupoteza ung'avu. Ni bora picha itumwe kama hati, si kama picha ya kawaida. Ikishafika kwenye kompyuta ya nyumbani, ipewe jina lenye tarehe, mathalani "upele 12 Machi", kwa sababu swali la kwanza la daktari huwa ni hilohilo: ulianza lini?