Kiingereza cha chuo kikuu si kozi ya miezi tatu

Kila mwaka masomo yanapokaribia kuanza, mazungumzo ni yale yale katika familia nyingi za mashariki ya Kongo. Kijana amepata diploma ya Serikali, anasema anataka kujiandikisha katika idara ya lugha na fasihi ya Kiingereza, na mzazi anashika kichwa: « Mutoto wangu, miaka tano juu ya Kiingereza tu? Si uende kwenye santri pale kwenye barabara, miezi tatu, unarudi unasema? » Kwa familia iliyohama vita, isiyo tena na shamba wala duka, swali hilo lina uzito mara mbili. Pesa ya minervali ndiyo pesa ya unga.

Swali la mzazi ni la haki. Kilicho kibovu ni jibu ambalo amekuwa akipewa. Kwa miaka mingi idara hiyo imesifiwa mbele ya wazazi kama mlango wa kuingilia kwenye mashirika: jifunze Kiingereza, utakuwa mkalimani, utapanda jeep. Mwaka 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake, mashirika yakafukuza wafanyakazi, na mzazi akaona kwa macho yake kwamba ahadi ile haikuwa na msingi. Kama idara ya Kiingereza ipo kwa ajili ya kusema tu, basi mzazi ameshinda mjadala. Santri inafundisha kusema upesi kuliko chuo, na kwa bei ndogo.

Lakini kusema ni nusu ya kazi, tena nusu ndogo. Kazi ya idara ya lugha na fasihi ni kumzoeza mtu kusoma maandishi neno kwa neno: nani anasema, nani amenyamazishwa, kwa nini mwandishi amechagua neno hili na kuacha lile. Watu husema hiyo ni anasa ya watu walioshiba. Basi waangalie tarehe 27 Juni 2025. Siku hiyo Kongo na Rwanda zilitia sahihi mapatano ya amani kule Washington, na Marekani ikatangaza maandishi yake kwa Kiingereza. Kinshasa ikaeleza wananchi kwamba humo mna kuondoka kwa majeshi ya Rwanda. Kigali ikajibu kwamba maneno hayo hayamo; kilichoandikwa ni kuondoa « hatua za ulinzi », tena pamoja na kuvunja nguvu za FDLR. Familia zilizofukuzwa kambini pembeni ya Goma mwezi Februari mwaka huo zilikuwa zinangoja kujua kama zitarudi kwao, na sehemu ya jibu ilikuwa imelala katika maneno machache ya Kiingereza. Ni wangapi waliyasoma wenyewe? Wengi walisikia tu yale ambayo kila upande ulipenda kuwaambia.

Na jambo hili si la leo. Kongo iliandikwa kwa Kiingereza kabla wakaaji wake hawajaijua lugha hiyo. Tarehe 18 Julai 1890, Mmarekani mweusi aitwaye George Washington Williams, askari wa zamani na mwandishi wa historia, alikuwa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Kutoka pale alimwandikia mfalme Leopold II barua ya wazi. Alieleza jinsi ardhi ilivyochukuliwa kwa mikataba ya udanganyifu, na hata ujanja wa kuficha betri ya umeme chini ya nguo, ili mkubwa wa kijiji akishikwa mkono asikie mshtuko na kuamini kwamba mzungu ana nguvu za ajabu. Kisha mkubwa huyo akatia alama kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Wiki chache baadaye, mwezi Septemba, mashua ya mvuke iliyoitwa Roi des Belges ilifika kwenye bandari ile ile. Ndani yake alikuwemo baharia mmoja Mpolandi, Joseph Conrad. Mwaka 1899 alitoa hadithi ya safari hiyo, Heart of Darkness, ambayo inasomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Humo neno Kongo halitajwi hata mara moja, na watu wa kando ya mto karibu hawana sauti. Mwaka 1975 Mnigeria Chinua Achebe alisimama katika chuo kikuu cha Massachusetts akaiita kazi ya ubaguzi. Wengine mpaka leo wanamtetea Conrad, wakisema alikuwa anaufichua ukatili wa Leopold. Mjadala huo unafanyika Boston, Lagos, London. Nani ana haki ya kuingia ndani yake kuliko mwanafunzi wa Kisangani anayeuona mto huo kila asubuhi?

Kuna jambo jingine juu ya Conrad ambalo wanafunzi wa hapa wangefurahi kulijua. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, baada ya Kipolandi na Kifaransa, na alijifunza akiwa mtu mzima. Mwanafunzi anayechekwa katika oditwari kwa sababu matamshi yake yana harufu ya Kiswahili au Kilingala hana sababu ya kuona haya. Conrad naye, wanasema waliomfahamu, hakuacha lafudhi yake mpaka kufa.

Basi kinachoudhi si kwamba idara hizi zipo. Kinachoudhi ni jinsi zinavyoendeshwa. Mwanafunzi wa fasihi anaweza kumaliza mwaka mzima bila kushika riwaya moja mkononi. Anashika silabusi. Silabusi inamwambia nani alizaliwa mwaka gani, kitabu kina sura ngapi, mada zake ni nne, hizi hapa. Anazikariri, anazirudisha siku ya mtihani, anapata pointi zake. Huyo hakusoma fasihi. Alisoma maelezo ya mtu mwingine juu ya fasihi, na pengine mtu huyo naye aliyatoa kwenye silabusi ya mwalimu wake. Asiyenunua silabusi anajua kinachomngoja. Na mkubwa akiulizwa, jibu liko tayari: vitabu hakuna, Serikali haitoi pesa.

Kwamba Serikali haitoi pesa, ni kweli. Asistenti anayengoja mshahara miezi na miezi hawezi kulaumiwa kama waziri. Lakini kuhusu vitabu, sababu hiyo haisimami. Barua ya Williams, hadithi ya Conrad, ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 yenye ushuhuda wa Wakongo waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira: yote hayo hayana tena haki za mwandishi, yako bure kwenye intaneti, na yanaingia katika simu ndogo kabisa. Mwalimu anaweza kuyagawa kwa wanafunzi mia kwa dakika chache. Aliyekimbia na simu mfukoni amekimbia na maktaba. Kama hayafundishwi, sababu si umaskini. Silabusi inauzwa, maandishi ya bure hayamwingizii mtu kitu.

Mtu asiseme pia kwamba Mkongo hawezi kwenda mbali kwa njia hii. Mwaka 1971 Mobutu alipounganisha vyuo vikuu vyote kuwa chuo kimoja cha taifa, masomo ya fasihi yalipelekwa Lubumbashi. Pale alifundisha V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi. Baadaye alienda Marekani, na mwaka 1988 akatoa, kwa Kiingereza, The Invention of Africa, kitabu kinachochunguza jinsi wageni walivyoitengeneza picha ya Afrika kwa maandishi yao. Amefariki mwaka 2025, na maprofesa wa mabara yote wamemlilia.

Kuhusu kazi, ukweli usemwe bila sukari. Wengi wanaomaliza idara hii watakuwa walimu wa sekondari, na baadhi wataingia katika kundi la N.P., wale ambao wanafundisha bila Serikali kuwalipa. Hilo ni jambo la kudai kwa Serikali, na vyama vya walimu vinalidai. Lakini halitatuliwi kwa kumwambia kijana asisome. Isitoshe, tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako vikao na karatasi nyingi ni vya Kiingereza. Na watoto wa Kongo walio Nakivale na Kyangwali, kule Uganda, wanasomeshwa kwa lugha hiyo. Wazazi wao wanahitaji walimu wanaojua lugha zote mbili na wanaojua walikotoka.

Wanafunzi waliohama ndio wanaoumia zaidi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vilianza kuingia katika mfumo wa LMD. Maana ya mfumo huo, kama wenyewe walivyoueleza, ni kwamba mwanafunzi anabeba krediti zake, 60 kwa mwaka, na chuo kingine kinazipokea. Ukweli kwenye ofisi za uandikishaji ni mwingine: leta karatasi ya pointi yenye muhuri wa chuo ulichotoka, lipa tena, au anza upya. Karatasi iko katika mji ambako barabara imefungwa na benki imefungwa. Mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa pili Bukavu ana krediti 120, na walimu wake, ambao wengi nao wamehama, wapo kwenye simu na wanaweza kuthibitisha. Mkubwa wa ofisi anayemwambia arudi mwaka wa kwanza, aandike sababu yake kwenye karatasi na kuitia sahihi.